Maratoni ya kupokezana tukiwa mbalimbali: siku moja au wiki nzima?

MiguuMyepesi (Jinja)
Habari zenu wakimbiaji. Tuko wanne tuliosoma pamoja, maisha yakatutawanya: mimi Jinja, wengine Kampala, Mbarara na Kapchorwa. Tunataka kupokezana maratoni moja, kilomita 42.195, kila mtu akiwa kwake, simu ikipima. Wengine wanataka wiki nzima iwe wazi, kila mtu akimbie siku anayoweza, kisha tujumlishe muda. Wengine wanasema Jumapili moja, mmoja akimaliza atume ujumbe wa WhatsApp ndipo mwenzake aanze. Waliojaribu, ipi iliwafaa?

BarabaraYaVumbi (Gulu)
Ndugu yangu, chukueni wiki nzima. Mimi ni muuguzi, zamu zinabadilika kila mara. Ingekuwa siku moja nisingeshiriki. Ila kubalianeni mapema mnajumlisha muda upi. Simu nyingine husimamisha saa yenyewe ukisimama kuvuka barabara. Mwenzetu alileta dakika 61, kumbe tangu atoke hadi amalize ni 70. Tulizozana siku mbili. Hesabuni muda wote, hatua ya kwanza hadi ya mwisho.

MamaWawili (Ntinda)
Dada wa Gulu kasema kweli kuhusu saa, lakini wiki nzima hapana. Tulijaribu mwaka jana, ikawa kila mtu anakimbia kivyake na kutuma picha. Wa mwisho alikimbia Jumamosi usiku ili mradi amalize. Mwaka huu tulipokezana. Nimesimama getini saa 1 na dakika 10 asubuhi, viatu nimeshafunga, simu mkononi, ikaingia sauti ya rafiki yangu anahema: "Shika! Shika!" Nyuma yake jogoo anawika. Nilichomoka kuliko nilivyopanga, kilomita ya kwanza ikanikata pumzi, lakini nilijua kuna mtu ananingoja. Kwa kujumlisha huwezi kuyapata hayo.

MtotoWaSebei (Kapchorwa)
Mkipokezana, pangeni zamu kwa kuangalia jua. Mkigawana sawa ni kilomita 10.55 kila mmoja. Tuseme saa 1 na dakika 5 kwa mtu: mkianza saa 12 asubuhi, wa nne anatoka saa 3 na robo. Wa Kampala aanze kabla boda na taksi hazijajaa barabarani. Wa huku kwetu awe wa mwisho, bado kuna ubaridi saa hiyo. Atafute tu barabara isiyo na mlima mkali. Tena si lazima mgawane sawa. Wajapani wakikimbia maratoni ya ekiden, mbio zao za kupokezana, watu sita hugawana 5, 10, 5, 10, 5 na 7.195, na badala ya kijiti hupeana kitambaa cha kuvaa begani, tasuki.

BarabaraYaVumbi (Gulu)
Na mtandao ukikatika katikati?

MamaWawili (Ntinda)
Kupima njia hakuhitaji bando, simu inasoma setilaiti. Bando ni la kutuma tu. Sisi ujumbe usipofika, tunapiga simu ya kawaida.

MiguuMyepesi (Jinja)
Asanteni sana. Nimewasomea wenzangu, tunapokezana. Wa Mbarara hufungua duka Jumapili saa 3, kwa hiyo atakuwa wa pili na atakimbia 7 tu. Kampala anaanza na 11, mimi wa tatu na 13, Kapchorwa anamalizia 11.195. Sauti ya "Shika!" tumeipitisha bila kupiga kura.