Tupeane uzoefu: kumpeleka mtoto chuo kidogo cha kidato cha tano na sita Uingereza

BabaNyegezi:
Wana Mwanza na kanda ya ziwa, salamu kwenu. Binti yangu kamaliza kidato cha nne, kapata daraja la kwanza, ana miaka 16 na anautaka udaktari tangu akiwa mdogo. Kuna chuo Uingereza kimemkubali, wanafunzi hawafiki hata mia. Walimfanyia usaili kwa video na mtihani wa hesabu na Kiingereza. Mama yake anaogopa na anasema. Mimi naogopa na sisemi. Ili ada itimie nitauza kiwanja cha Buswelu. Naomba aliyepita njia hii anieleze alichokutana nacho.

MamaPasiansi:
Hongera Baba, na pole, maana najua usiku wako ulivyo. Mwanangu alisoma chuo cha namna hiyo miaka miwili. Udogo ulimfaa. Hapa darasani walikuwa sabini na kitu, anakaa nyuma, hanyoshi mkono. Kule kemia walikuwa saba. Mwezi wa kwanza tu mwalimu alinipigia simu: mtoto wako majibu anayajua ila hayatoi. Nililia, Baba. Miaka yote ya shule hakuna mtu aliyewahi kumwona mwanangu kiasi hicho.

Udogo huohuo ukaja kutuumiza. Walimu wachache, kwa hiyo fizikia na baiolojia ziliwekwa kipindi kimoja. Mtoto ameshafika, Septemba, ndipo anaambiwa achague. Akachukua baiolojia, kemia na hesabu. Wakatutuliza kwamba vyuo vya udaktari vya kwao vingi vinatazama zaidi kemia na baiolojia, na hilo ni kweli. Lakini nafasi za wageni kwenye udaktari kule ni chache, na ada ni ya kukimbiza. Tena msidhani akisoma A-level kule anahesabika mwenyeji akifika chuo kikuu. Analipa ya mgeni vilevile.

Basi akarudi na alama nzuri kabisa, akitaka kusomea udaktari hapahapa Mwanza, Bugando. Udaktari Tanzania unadai fizikia, kemia na baiolojia, zote tatu. Hiyo PCB tunayoizoea si mapambo. Mwaka mzima sasa anaisoma fizikia peke yake, wenzake wa Nsumba wako mwaka wa pili. Baba, kabla hujatoa hata amana, omba ratiba ya maandishi inayoonyesha masomo yake matatu hayagongani.

MwaloniKirumba:
Kama mnapitia wakala wa kutafutia watoto vyuo vya nje, yule "wa bure" kwa kawaida analipwa na chuo. Si kosa, ila ujue anamtumikia nani. Shule binafsi za England hukaguliwa na ripoti za ukaguzi ziko wazi mtandaoni. Isome mwenyewe, usisomewe.

DadaWaIgoma:
Shikamoo Baba. Mimi ndiye niliyekuwa huyo binti. Masomo yalinikubali, baridi nikaizoea, hata jua la Desemba kuzama saa kumi jioni nililizoea. Kilichonishinda ni wiki moja ya Oktoba. Kule katikati ya mhula wanapumzika na bweni letu lilifungwa. Nyumbani tulidhani bweni ni bweni, kama Nganza, unakaa hadi shule ifungwe. Kumbe kila mwanafunzi mdogo alitakiwa awe na mlezi wa kumpokea. Kwenye fomu tuliandika jina la mjomba aliyeko Leicester, na mjomba hakupokea simu. Nilikaa juu ya begi langu ukumbini mpaka giza likaingia, wenzangu wanachukuliwa mmoja mmoja. Sikumwambia mama. Nilimwambia nimeenda kwa rafiki. Usiku ule chuo kilinitafutia familia ya kunipokea. Walikuwa watu wema sana, na mpaka leo tunaandikiana. Lakini yale masaa pale ukumbini sijayasahau.

Na likizo hiyo hurudi Februari, kisha mwishoni mwa Mei.

UkereweMmoja:
Shikamoo mzee. Ongezeni na njia ya UWC, mtandao wa shule za kimataifa zinazopokea vijana wa nchi nyingi. Maombi kwa kawaida hupitia kamati ya nchi, na ufadhili hutegemea uwezo wa familia. Mimi nilikwenda Atlantic College, Wales, iliyoanza 1962 ndani ya ngome ya kale kando ya bahari. Tulikuwa kama 350, na ilitosha kujuana. Siku ya kwanza niliona maji yameondoka, ufuo mtupu, nikadhani kuna janga, kumbe bahari imekupwa tu. Mtoto wa Nansio ziwa halijawahi kumkimbia! Kule si A-level bali IB, mtaala wa kimataifa wa masomo sita, kwa hiyo sayansi zipangwe mapema na kwa makini. IB ipo hata Moshi na Arusha, UWC East Africa, kama mama ataona Uingereza ni mbali.

MamaPasiansi:
Nilisahau ya viza. Kipimo cha kifua kikuu, barua ya ridhaa ya wazazi, pesa iwe imekaa benki siku 28 mfululizo, na tozo ya afya paundi 776 kwa kila mwaka. Kiwanja usikiuze wiki ya mwisho.

BabaNyegezi:
Nimesoma kila neno, nikamsomea na mama yake kwa sauti. Jana niliwaandikia. Wanasema ratiba itatoka Agosti, amana wanaitaka mwisho wa Aprili. Nimewajibu kwamba sitalipa bila ratiba, na kiwanja nimekiondoa kwa dalali. Julai binti ataripoti kidato cha tano hapa, PCB, huku tukisubiri.

Dada wa Igoma, mama yake anauliza: ile familia iliyokupokea, ingewezekana binti yetu akapangiwa ya namna hiyo tangu mwanzo, kabla hajaondoka Mwanza?