Mtahiniwa mwenye uoni hafifu aombeje muda wa ziada katika mitihani ya uhasibu?

Karani wa Ushirika (Mtwara):
Ndugu zangu, habari za leo. Mimi ni mtu mwenye ualbino, ninatunza hesabu za chama cha msingi cha ushirika huku Mtwara, na msimu wa korosho ukishapita ninakusudia kufanya mitihani ya NBAA (Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu) ya mwezi Mei. Kusoma ninasoma, tena bila kukosea tarakimu, ila ninasoma polepole kwa sababu mboni zangu huchezacheza na miwani haiondoi hali hiyo, kwa hiyo taarifa ya fedha yenye safu nyingi hunilazimu kuipitia mstari kwa mstari kwa lensi ya kukuzia. Naomba kujua niombe nini hasa, nimwandikie nani, na daktari aandike nini. Wenzangu kazini wananiambia nisijitangaze, kwamba bodi itaniona sistahili kuwa mhasibu.

Mwalimu Mstaafu, Masasi:
Mwanangu, nimesimamia mitihani ya kidato cha nne kwa miaka mingi, na jambo unaloliuliza si geni hata kidogo. Baraza la Mitihani la Taifa huwapa watahiniwa wenye uoni hafifu maandishi yaliyokuzwa, na muda wa ziada wa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Hapo utaona kwamba mtihani wa saa tatu unaongezewa nusu saa au saa nzima kutegemea somo, na sababu ni kwamba kufuatilia tarakimu kunamchosha mwenye uoni hafifu kuliko kusoma aya. NBAA ni chombo kingine na hakifungwi na utaratibu huo, lakini ukiutaja kwenye barua yako utakuwa umempa anayeamua kipimo ambacho nchi yetu inakitumia tayari, nawe ueleze kwamba karatasi za uhasibu zina sura ya Hisabati zaidi kuliko ya insha.

Msema Kweli:
Mimi nakubaliana na wenzako. Nenda kafanye kama wengine. Ukifaulu kwa muda wa kawaida hakuna atakayesema ulibebwa.

Wakili, Lindi:
Ndugu Msema Kweli, kubebwa ni kupunguziwa maswali au kushushiwa alama ya kufaulu, na hakuna aliyeomba hivyo hapa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unahesabu kumnyima mtu marekebisho yanayofaa kuwa ni ubaguzi, maadamu marekebisho hayo hayamtwishi mtoaji mzigo uliopita kiasi. Mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Uingereza, kwa Sheria yao ya Usawa ya 2010, wameuchora mpaka vizuri: chombo kinachotoa sifa za kitaaluma kinawajibika kurekebisha namna ya kutahini, lakini hakilazimiki kulegeza kiwango cha umahiri chenyewe. Kwa hiyo dada au kaka (hukutuambia), barua yako isiombe huruma. Mwandikie Mkurugenzi Mtendaji wa bodi wakati unapojisajili, si wiki ya mtihani, kwa kuwa karatasi yenye maandishi makubwa lazima iandaliwe kabla ya kufungwa kwenye bahasha.

Kuhusu daktari, cheti kinachosema tu "ana ualbino" hakimsaidii anayeamua. Daktari wa macho aeleze kiwango cha uoni wako ukiwa umevaa miwani, athari ya mwanga mkali, na kwa nini kusoma majedwali kunakuchukua muda mrefu zaidi.

Mwana Mikindani:
Nina hali kama yako, na ninaongeza mambo ambayo asiyeyaishi hawezi kuyakumbuka. Usiombe "karatasi kubwa" tu, maana wanaweza kukuzia ukurasa kwenye mashine ya kunakili ukapewa shuka la A3 lisiloenea mezani, na herufi zenyewe zimefifia. Omba chapa ya ukubwa wa nukta 18, yenye wino mzito. Omba kiti kilicho mbali na dirisha, kwani jua letu la pwani likipiga karatasi nyeupe hata hiyo chapa kubwa haitakufaa. Omba pia chumba cha peke yako ikiwezekana, kwa sababu muda wa wengine ukiisha watakusanya karatasi na kuburuta viti wakati wewe bado una mizania mkononi. Lensi yako itajwe kwenye barua, la sivyo msimamizi atakuuliza mlangoni ni kifaa gani.

Karani wa Ushirika (Mtwara):
Ahsanteni sana, mimi ni dada. Nitakwenda hospitali ya Ligula kumwona daktari wa macho kabla usajili haujafunguliwa, na nitaomba dakika 20 kwa kila saa kwa hoja ya Mwalimu. Je, nimpelekee na msimamizi wa kituo barua hiyo hiyo?

Wakili, Lindi:
Msimamizi hana mamlaka ya kukuongezea muda, kwa hiyo yeye mpelekee nakala ya majibu ya bodi siku chache kabla ya mtihani, na nyingine uwe nayo mfukoni siku yenyewe. Ile barua ya maombi, hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.