MREJESHO: Maneno ya Kiingereza yenye Q isiyofuatwa na U

Niliuliza kwa nini amri ya grep 'q[^u]' (grep ni programu ya Linux ya kutafuta mistari ndani ya faili) inaruka maneno kama talaq na tranq. Jibu limepatikana. Ile [^u] inadai lazima kuwe na herufi nyingine, isiyo u, baada ya q. Neno likiishia na q, hakuna cha kulinganisha, basi linaachwa. Tiba ni kuongeza mwisho wa mstari, yaani $, maana kwenye faili kila neno lina mstari wake:

LC_ALL=C grep -E '^[a-z]+$' /usr/share/dict/american-english-huge | grep -E 'q([^u]|$)'

Sehemu ya kwanza inachuja Iraq, Qatar na zile zenye 's. LC_ALL=C msiiache: kwenye baadhi ya mipangilio ya lugha, [a-z] humeza hata herufi kubwa, na majina ya nchi yanarudi kupitia dirishani.

Faili lenyewe la orodha ya maneno, kwa wanaotumia Ubuntu (aina ya Linux): sudo apt install wamerican-huge. Ile wamerican ya kawaida ni ndogo mno kwa kazi hii.

Kinachofurahisha ni matokeo. Mengi ni ya Kiarabu, kwa sababu q inasimama badala ya herufi ya Kiarabu qaf: qadi ni kadhi wetu, talaq ni talaka, faqir ni fakiri. Nje ya hapo kuna qi ya Kichina, na kwa wacheza Scrabble (mchezo wa kuunda maneno) hiyo ndiyo dhahabu: herufi mbili tu, na Q peke yake ni pointi 10.