Uzamili wa sheria SOAS, London: utamfaa wakili wa mirathi wa Pwani?

Mwanagenzi wa Mombasa:
Ndugu wanasheria, nawasalimu. Mimi ni wakili mchanga, na kazi yangu kubwa ni mirathi. Juma lililopita nilipokea jalada la marehemu mmoja. Ndani yake mna cheti cha ndoa kilichotolewa na kadhi, muhtasari wa kikao cha wazee wa ukoo ulioandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, na hati miliki ya kiwanja yenye jina la kaka wa marehemu. Karatasi tatu, sheria tatu, nami chuoni nilifundishwa moja tu kwa kina. Ninafikiria kuomba nafasi ya uzamili katika kitivo cha sheria cha SOAS, chuo cha London cha masomo ya Asia na Afrika; kitivo hicho kinasifika kwa sheria za Kiislamu, za Asia na za Afrika. Je, mwaka mmoja huko utanifaa, au nitarudi na nadharia tupu?

Wakili Mkongwe:
Mwanangu, ikiwa unatafuta cheo mbele ya hakimu, shahada hiyo haitakuongezea kitu. Ila ule muhtasari wa wazee una uhusiano na chuo hicho kuliko unavyodhani. Mwaka 1959 SOAS ilianzisha mradi wa kukusanya na kuandika sheria za kimila za Afrika, ukiongozwa na Antony Allott, mwanasheria wa chuo hicho. Eugene Cotran, mwanasheria wa mradi huo, alikuja Kenya, akaketi na mabaraza ya wazee, na kazi hiyo ikazaa kitabu cha ndoa na talaka mwaka 1968 na cha mirathi mwaka 1969, ambavyo mahakama zetu zimevinukuu miaka nenda miaka rudi. Wengi wetu tunavinukuu bila kujiuliza wazee wale walichaguliwaje, na wanawake waliulizwa nini. Kulijua hilo tu kungetosha kukufanya uhoji ushahidi wa mila kwa namna nyingine.

Karani wa Masijala:
Nakubaliana na mzee wangu, ila kwa tahadhari. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1916 kwa mahitaji ya dola la Uingereza, na mila ikishachapwa kitabuni husimama pale pale ilhali ukoo wenyewe unaendelea kubadilika. Nimewaona wazee wakisomewa mila yao kutoka kitabuni, wakatazamana tu. Kuhusu jalada lako, usisubiri London: kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kadhi mamlaka juu ya masuala ya sheria ya Kiislamu kuhusu hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake. Kwa hiyo kaka akishikilia kwamba kiwanja ni chake, lazima kwanza ithibitike kama kiwanja hicho ni sehemu ya mirathi, na swali hilo huenda likavuka mamlaka ya kadhi.

Mwanagenzi wa Mombasa:
Nashukuru sana. Nitaanza na kiwanja, kisha nitaomba nafasi nikiwa na mada ya tasnifu mkononi: namna mahakama zinavyopima muhtasari wa kikao cha wazee unapogongana na fiqhi ya Kishafii, yaani sheria ya Kiislamu kwa madhehebu ya Shafii. Kaka mtu ameahidi kuja ofisini Jumatatu, na nimemwomba aje na risiti za ununuzi, kama anazo.