Naomba ushauri: gharama za maji na stima, Nairobi na Mombasa

Asalaam aleikum ndugu zangu. Tunahamia Bamburi, Mombasa, kutoka Kasarani, Nairobi, watu wanne. Kodi nimeshalinganisha, Bamburi ni nafuu. Samaki na nazi ndiyo usiseme, ila viazi hutoka bara na bei hupanda na nauli. Kinachonitatiza ni maji. Kisima cha ploti ni cha chumvi: sabuni haitoi povu, mifereji inaliwa na kutu, ya kunywa na kupikia ni ya mkokoteni. Nimemuuliza mlinzi wa ploti watu hununua maji kiasi gani, jibu lake ni “si mengi”.

Je, familia kama hii humaliza mitungi mingapi ya lita 20 kwa wiki? Na wakati wa kaskazi, feni mbili zikikesha, tokeni za stima za mwezi ni shilingi ngapi?