Naombeni ushauri, mdogo wangu anabebwa na difenda kisa rasta

Habari zenu wakuu, nimekwama naombeni mawazo yenu.

Niko Arusha, naishi na mdogo wangu ana miaka 23, fundi pikipiki, ana rasta ndefu. Mwaka huu polisi wameshambeba na difenda lao mara tatu, zote jioni akitoka gereji, mikono bado ina grisi na spana iko mfukoni, wanamwambia mzururaji, mara bangi, wakimpekua hawakuti kitu. Wenzake wenye nywele fupi anaokuwa nao wanaambiwa nendeni nyumbani. Mara ya mwisho kalala ndani siku mbili, hajaandika maelezo wala kupelekwa mahakamani, na najua sheria inasema masaa 24, mwisho nikatoa elfu hamsini ya "dhamana" bila risiti huku nyuma ya yule afande kuna bango limeandikwa DHAMANA NI BURE, aisee.

Nimemwona mkuu wa kituo, kaniambia mwambie anyoe. Mwenyekiti wa mtaa naye kasema tuachane nao, watamtafutia kesi. Mama anataka anyoe yaishe, dogo hataki na mimi simlaumu, nywele zake.

Sasa malalamiko niandike kwa RPC (kamanda wa polisi wa mkoa) au niende moja kwa moja Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora? Na ile hela nikiipeleka TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, si nitakuwa nimejichoma mwenyewe maana mimi ndo nilitoa? Aliyewahi kupitia hii aniambie ilikuwaje, hata inbox sawa.