Picha ileile, vitabu viwili, rangi mbili tofauti. Nifuate kipi?

MchoraMkaa:
Wadau, habari zenu. Najifunza kuchora kwa kunakili kazi za wakubwa vitabuni. Nina vitabu viwili vya Michelangelo, vyote vimeonyesha dari la kanisa dogo la Sistine kule Vatican. Sasa yule nabii wa kike wa Delphi, kitabu kimoja kinamwonyesha amefifia, kahawia tupu, kama ukuta wa jiko la kuni. Kingine kina kanzu ya kijani na joho la rangi ya chungwa inayowaka. Wachapaji gani hawa? Nani kaharibu?

FinyanzeRangi:
Cha pili hicho wameongeza rangi kwa kompyuta ili kiuzike. Siku hizi ndiyo mchezo.

FunguMbili:
Mkuu, kabla ya kumtupia mchapaji lawama, fungua ukurasa wa hakimiliki uangalie mwaka. Mimi nimezeekea kwenye mashine za uchapaji, na kosa letu nalijua likitokea. Hili sidhani kama ni letu.

Michelangelo alichora dari lile kati ya 1508 na 1512. Baada ya hapo likala moshi wa mishumaa karne na karne, na mafundi waliojaribu kulirekebisha wakalipaka gundi ya wanyama, nayo ikazidi kuwa nyeusi. Kusafisha kwenyewe kulianza 1980, dari likamalizika 1989, kisha wakahamia ukutani kwenye Hukumu ya Mwisho, mchoro mwingine wa Michelangelo kanisani humo, hadi 1994. Kwa hiyo picha iliyopigwa kabla ya 1980 inakuonyesha masizi, na mchapaji kayachapa masizi hayo kwa uaminifu kabisa. Ila usiishie kwenye mwaka wa kitabu: wapo waliochapa upya wakitumia picha za zamani. Soma palipoandikwa picha zimetoka wapi.

LenziYaDada:
Naongezea. Chukua kioo cha kukuzia, uweke juu ya lile joho. Utaona vidoti vya samawati, majenta, njano na nyeusi. Chungwa yenyewe haimo, jicho ndilo linaloichanganya. Vidoti vikiwa vimepishana, kingo za picha zinakuwa na kivuli chekundu au cha buluu, na hapo ndipo useme mchapaji kalala. Karatasi nayo ina neno: ile isiyong'aa hunywa wino, doti inatanuka, picha inajaa giza. Na linganisha mchana dirishani. Taa ya njano itakudanganya kwa vitabu vyote viwili.

MchoraMkaa:
Duh. Cha kahawia ni cha 1968, cha pili 1996 na wameandika picha zilipigwa baada ya usafishaji. Vidoti vimekaa sawa kote. Basi cha zamani nikiweke kando?

FunguMbili:
Usikiweke kando, kijana wangu. Usafishaji ule ulizua ugomvi mkubwa. Mwanahistoria wa sanaa James Beck na wenzake walidai Michelangelo, baada ya kupaka rangi plasta ikiwa mbichi ili zishike, alirudia vivuli juu ya plasta iliyokwisha kukauka, na kwamba vivuli hivyo vilioshwa pamoja na uchafu. Waliosafisha walikataa. Mimi naona kuna sehemu Beck alikuwa na hoja, hasa kwenye macho, lakini kwa rangi siwezi kurudi nyuma. Ile kijani siyo ya kompyuta.

Ukinakili rangi, fuata cha 1996. Ukinakili vivuli na mikunjo ya nguo, viweke vyote viwili wazi mezani na uchore kwa mkaa tu. Na kama kuna picha iliyotandazwa kurasa mbili, usiipime upana: pale katikati kwenye mshono kuna sehemu imemezwa, mkono utautoa mfupi.

FinyanzeRangi:
Nimefuta kauli kuhusu kompyuta. Ila vipo vitabu wanaongeza kweli!

FunguMbili:
Vipo. Tazama rangi ya ngozi: watu wote wakiwa na mashavu mekundu, kitabu kizima, hapo kuna mtu kazigusa rangi.